Siku Kapita Hayupo

Uwe Rumonge mjini, Minago, Magara au Nyanza-Lac, uwe hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kule Baraka, au ng'ambo ya mpaka kule Kigoma, karibu tuzungumze.

Leo nataka tutazame kazi ya kuongoza watu. Mambo ya ikulu na bunge tuyaache kwa siku nyingine. Nina maana ya uongozi wa kila siku: kapita, yaani mkuu wa chombo cha uvuvi, na mabaharia wake, mama anayesimamia waanikaji wa ndagala, yaani dagaa, fundi gereji mwenye vijana watatu chini yake, mkuu wa shule, mwenyekiti wa ushirika wa mawese. Hawa ndio wanaoamua kama watu wetu watakula, watasoma na watasonga mbele. Na wengi wao walipewa kazi ya kuongoza bila mtu yeyote kuwafundisha namna ya kuongoza. Jana alikuwa baharia hodari, leo ameambiwa wewe ndiye kapita. Uhodari wa kuvuta kamba ni jambo moja. Kuwafanya watu kumi waivute kamba pamoja ni jambo jingine kabisa.

Neno langu kuu nalisema mapema ili tusipotezane njiani: kiongozi hupimwa siku ambayo hayupo. Akiugua kapita, ikipe yake, yaani kikundi chake cha uvuvi, ikabaki ufukweni na taa zikakaa bila kuwashwa, basi mtu huyo alikuwa mvuvi mzuri ila hakuwa bado kiongozi. Ikipe ikitoka, ikavua, ikarudi salama na hesabu ikakaa sawa, hapo tuseme kweli kuna mtu aliyeongoza.

Twende ziwani kwanza. Jua likizama, mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti inaacha ufukwe. Jirani zetu wa Kigoma wanaiita kipe, wengine wanasema katamarani. Uvuvi wa namna hii uliingia upande wa Burundi katika miaka ya 1950. Mabaharia wakifika mahali alipopachagua kapita, wavu unashushwa majini na taa zinawashwa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, siku hizi zimeenea taa za betri. Kisha wanangoja. Ndagala wanafuata mwanga, mukeke wanawafuata ndagala. Saa zinakwenda, baridi inaingia mifupani, na mwenye kulinda taa hana ruhusa ya kusinzia. Kapita akiona samaki wamejaa chini ya mwanga, anatoa amri. Kamba zinavutwa kutoka kila upande, kwa wakati mmoja na kwa mwendo mmoja. Upande mmoja ukichelewa, wavu unainama na samaki wanatoka. Baharia mwenye nguvu kuliko wote akivuta haraka kuliko wenzake, anaharibu kazi sawasawa na mvivu.

Miaka hiyo hiyo ya 1950 zilikuja pia meli kubwa za uvuvi wa kibiashara, nyingi zikiwa mali ya Wagiriki. Zilikuwa na injini kubwa na nyavu za kuzungushia. Kufika miaka ya 1990, upande wetu wa ziwa zilikuwa zimekwisha. Samaki walipungua, gharama zilipanda, vita viliingia. Vikundi vidogo vya wavuvi viliendelea kuwepo, na ndivyo vinavyotulisha hadi leo. Mtaji mkubwa uliondoka, ujuzi ukabaki mikononi mwa watu. Kwa hiyo anayetaka kujenga jambo la kudumu kwenye pwani hii, na aanze na watu wake.

Aanze vipi? Jambo la kwanza ni kila mtu kujua kazi yake, na kujua sababu yake. Wako makapita ambao humwambia kijana, "Shika hapa, usiulize." Kijana anashika, lakini siku mambo yakibadilika hana la kufanya, kwa kuwa hakuambiwa kwa nini anashika hapo. Mwambie kwamba taa ile ikizimika kabla ya wakati wake samaki watatawanyika, na kazi ya saa nne itapotea. Ukimweleza hivyo, hutahitaji kumkemea asisinzie. Maelezo hayo yatolewe ufukweni, kabla ya kutoka, watu wakiwa bado wamekaa na masikio yako wazi: nani analinda taa, nani yuko upande gani wa kamba, nani anatoa maji chomboni, upepo ukija nani anafanya nini. Dakika kumi za mchangani huokoa usiku mzima.

Jambo la pili linafuatana na hilo: kuna wakati wa sauti moja na kuna wakati wa sauti zote. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli wavu unapopanda, na ni kweli zaidi dhoruba inapokuja. Hapo kapita anasema, wengine wanatenda. Lakini baadhi ya viongozi wameichukua methali hiyo wakaibeba hadi nchi kavu, wakawanyamazisha watu hata katika mambo yanayotaka mawazo ya wengi. Kama swali ni lini tununue wavu mpya, au kwa nini juzi tulirudi mikono mitupu wakati wenzetu wa Kizuka walipata, waache watu waseme. Baharia aliyekaa upande wa pili wa chombo ameona kitu ambacho wewe hukukiona. Tena kapita asikilizaye ufukweni hutiiwa upesi zaidi ziwani, kwa kuwa watu wanajua amri yake imebeba na mawazo yao.

Jambo la tatu ni hesabu. Hapa, ndugu yangu, ndipo vikundi vingi vinapovunjikia. Desturi ya ziwa letu inajulikana: samaki wakiuzwa, gharama za usiku hutolewa kwanza, kisha kinachobaki kinagawanywa kati ya mwenye chombo na mabaharia. Na kila mtu hutarajia kitoweo cha kupeleka nyumbani. Desturi hiyo ni nzuri, kwa sababu kila mmoja ana fungu lake katika mavuno. Tatizo linakuja pale gharama zinapotajwa na mtu mmoja, kwa mdomo, bila daftari, bila karatasi ya dukani. Baharia anasikia mafuta yamekula nusu ya mauzo na hana njia ya kujua kama ni kweli. Hatabishana. Atanyamaza, na usiku unaofuata atajilipa mwenyewe kwa kuficha samaki. Kapita atamwita mwizi, naye moyoni anamwita kapita mwizi. Dawa yake ni rahisi: daftari lisomwe mbele ya wote, siku ile ile, pale pale penye mizani. Hata pato likiwa dogo, watu huvumilia udogo kuliko giza.

Akina mama wa Burundi wametupa somo kubwa katika hili. Viko vikundi vya kuweka na kukopa vinavyojulikana kwa jina la Nawe Nuze, vilivyosambazwa nchini na shirika la CARE. Mtindo wenyewe ulianzia Niger mwaka 1991, ukaenea katika nchi nyingi za Afrika. Fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu hushikwa na wanachama watatu tofauti. Sanduku halifunguliwi mpaka wote wamekaa mkutanoni, na fedha huhesabiwa machoni pa kila mtu. Hakuna aliyetukanwa kwa kuambiwa kwamba peke yake haaminiki. Utaratibu wenyewe unamlinda mweka hazina asishukiwe, na unamlinda mwanachama asiibiwe. Kiongozi anayekasirika akiombwa hesabu angejifunza kwa akina mama hawa kwamba hesabu ya wazi ni ngao yake mwenyewe.

Jambo la nne ni kukosoa. Watu watakosea. Kijana ataangusha taa, mwingine atachelewa, mwingine ataachia kamba. Kiongozi afanye nini? Kwanza, akiwa ziwani atengeneze hali na si kutengeneza tabia. Matusi usiku katikati ya maji hayarudishi taa iliyozama, na yanawafanya mabaharia wengine waanze kuficha makosa yao. Kosa lililofichwa kwenye chombo linaweza kuua. Asubuhi, watu wakishapumzika, mwite pembeni. Mwambie kitendo alichofanya, mwambie madhara yake, umsikilize, halafu mkubaliane kitu kimoja cha kubadilisha. Usimwambie yeye ni mjinga. Kitendo kinaweza kurekebishwa, lakini mtu aliyeitwa mjinga mbele ya wenzake hana cha kurekebisha isipokuwa kuondoka. Na sifa nazo zitolewe kwa namna hiyo hiyo, kwa kutaja kitendo. "Jana uliona upepo mapema ukatuambia, umetuokoa." Baharia huyo hatasahau, na wengine wataanza kutazama upepo.

Jambo la tano ni kuamua ugomvi. Watu wanaokesha pamoja katika mitumbwi miwili hawakosi kugombana. Burundi ina urithi ambao nchi nyingi zingeutamani: bashingantahe, yaani wazee waliopewa heshima ya kuamua ugomvi. Mzee aliyevishwa heshima hiyo alisikiliza upande mmoja hadi mwisho, akasikiliza upande wa pili hadi mwisho, mashahidi wakasema hadharani, kisha wazee wakaenda kando kushauriana kabla ya kutoa neno lao. Tuuchukue mpangilio huo tuuingize kazini. Kiongozi asihukumu kwa habari ya yule aliyemfikia kwanza. Asihukumu akiwa na hasira. Na akishaamua, aeleze sababu mbele ya wote wawili, ili aliyeshindwa aondoke akijua alisikilizwa. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba mtu hakuwa mushingantahe kwa siku moja. Aliangaliwa kwa muda mrefu, akalelewa na wazee, akakaa karibu nao akijifunza namna ya kusema na namna ya kunyamaza. Babu zetu walijua kwamba kiongozi hutengenezwa.

Hapo tunafika kwenye jambo la sita, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: kufundisha. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hauwavuti samaki, na vyombo hukaa ufukweni siku kadhaa. Wengi wanaziona siku hizo kuwa za hasara. Kapita mwenye akili huziona kuwa ndizo siku zake za kazi. Nyavu zinashonwa, mbao zinazibwa, injini inafunguliwa. Basi usishone wavu peke yako. Mweke kijana karibu yako. Mara ya kwanza atazame. Mara ya pili afanye akiwa na wewe. Mara ya tatu afanye peke yake, wewe ukae mbali kidogo na ufunge mdomo. Mara ya nne amfundishe mwenzake, kwa sababu hakuna anayejua jambo vizuri kama aliyelazimika kulieleza. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema, nami nakubali. Hata hivyo naongeza kwamba baharia wa miaka 45 anaweza kujifunza injini akipata mwalimu asiyemdharau.

Kufundisha kunahusu pia kuleta mambo mapya. Waanikaji wetu zamani walitandaza ndagala mchangani. Samaki walikauka na mchanga, kuku wakapita juu, mvua ikinyesha mzigo ukaharibika. Shirika la FAO lilipokuja kuhimiza vichanja vya wavu wa chuma vilivyoinuliwa juu ya ardhi, kazi ngumu haikuwa kutengeneza vichanja. Kazi ngumu ilikuwa kuwafanya watu waache mazoea ya mama na bibi zao. Jambo la namna hiyo halipiti kwa hotuba. Linapita pale jirani anapomwona jirani akiuza ndagala wasio na mchanga kwa bei nzuri zaidi. Kwa hiyo kiongozi akitaka mabadiliko, amtafute mmoja aliye tayari, amsaidie afaulu, kisha amwache huyo azungumze na wenzake. Neno la mwenzako wa kazi hufika haraka kuliko neno la mkubwa.

Sasa najua kuna kapita anayenisikiliza na kusema moyoni, "Nikimfundisha kila kitu, atachukua nafasi yangu, au atahamia chombo cha mtu mwingine." Hofu hiyo ina msingi, nami siidharau. Mabaharia huhama kweli. Lakini tuitazame vizuri. Anayehama mara nyingi anakimbia hesabu ya giza, matusi, au kukaa miaka mingi akivuta kamba ile ile bila kupanda. Ukimnyima ujuzi ili asihame, utabaki na wasiojua kitu, na utafanya kazi ya watu kumi hadi mgongo ukatike. Ukimfundisha naye akaenda, sifa zako zitamtangulia kila ufukwe, na vijana wazuri watakuja kwako wakiomba nafasi. Na ukimfundisha akabaki, siku moja utaugua ukiwa na amani.

Historia ya nchi yetu inalo somo zito juu ya hili, na nalisema kwa heshima. Mwanamfalme Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa, alianza kazi yake ya kukusanya watu kwa kuanzisha ushirika wa wafanyabiashara mwaka 1957. Alikuwa na kipawa adimu: aliwaweka pamoja Wahutu, Watutsi, watu wa milimani na Waswahili wa mjini, wakafanya kazi bega kwa bega katika chama cha UPRONA. Mwishoni mwa mwaka 1960 watawala wa Kibelgiji walimzuilia kule Bururi, milimani nyuma yetu hapa, wakati wa uchaguzi wa komuni, na chama chake kikashindwa na chama cha PDC. Aliporudi, tarehe 18 Septemba 1961, UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64 vya bunge. Wiki chache baadaye, tarehe 13 Oktoba, aliuawa kwa risasi kando ya ziwa hili hili, akiwa na miaka 29. Baada ya kifo chake waliobaki waligombania urithi wake, na umoja alioujenga ukapasuka. Sababu zilikuwa nyingi, na mkono wa nje ulikuwepo. Rwagasore hana lawama hapo, maana alinyimwa miaka ambayo kiongozi huitumia kuwakomaza warithi. Lawama inatuhusu sisi tuliopewa miaka hiyo, ishirini au thelathini ya kuongoza, na bado hatujamwandaa hata mtu mmoja.

Kwa nini nalisema hili sasa? Kwa sababu nyakati zetu zinataka vikundi vinavyoweza kufikiri. Mafuta ya injini yamekuwa adimu nchini, na kila kikundi kimelazimika kupanga upya safari zake. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda yakaingia nyumbani kwa watu kule Gatumba. Mwaka huo huo, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana. Ziwa ni moja na nchi zinazolimiliki ni nne, kwa hiyo uamuzi wa namna hiyo unatugusa wote. Kikundi kinachosubiri amri ya mtu mmoja kitakwama katika mambo kama haya. Kikundi ambacho kila mtu anajua hesabu, anajua sababu za kazi na ameshika zaidi ya kazi moja kitatafuta njia: wengine watatengeneza vyombo, wengine wataingia kwenye mawese msimu ule, wengine watasaidia kuuza, na siku ya kurudi ziwani watakutana tena kwa kuwa wanaaminiana.

Ndugu msikilizaji, muda wetu unakwisha, nami nina ombi. Kama unaongoza watu, hata watu wawili tu, juma hili fanya mambo matatu. Soma daftari la hesabu mbele yao. Mwite mmoja umtajie kitendo kizuri alichofanya. Kisha chagua kazi moja ambayo mpaka leo ni wewe peke yako unayeijua, umkabidhi mtu aanze kujifunza. Na wewe unayeongozwa, usisubiri kuitwa: nenda kwa kapita wako umwambie, "Kapita, nifundishe hii." Pwani yetu haina upungufu wa watu wenye nguvu wala wenye akili. Ina upungufu wa viongozi wanaokubali kuwakuza wengine wafikie kimo chao, na upungufu huo tunaweza kuuondoa wenyewe.